Uso wa Kinyozi

Kama hujawahi kunyolewa na mume wangu, hujui kazi ya kioo. Mteja wake hatazami kichwa chake mwenyewe, anatazama uso wa kinyozi. Ukichanua, amependeza. Ukikunjamana, akatafute kofia. Uso ule haukujua uongo, na ndio uliokuwa ukitulisha, maana mashine ya kunyolea kila kinyozi anayo.

Mimi ni msusi. Nasuka upande wa pili wa pazia, chumba hichohicho, na wateja wangu wanakaa kwenye kigoda mpaka miguu inakufa ganzi. Kiti cha maana nilishakilipia. Nilijinyima, nikampa mume wangu pesa ampelekee seremala wa mtaa wa nyuma, na kila nikiuliza naambiwa, "Seremala anasema mbao hazijakauka." Mbao gani hizo, zimevuliwa baharini? Basi nikamnunia seremala wa watu. Akinisalimia, naangalia ng'ambo.

Sasa njoo kwenye poka, ile kamari ya karata. Alipoanza kuicheza kwenye simu alikuwa mwehu kamili. Karata yoyote aliyopewa aliicheza. Mbili na saba, takataka ambayo mtu mwenye akili anaitupa bila kufikiri, yeye anaweka zote, pesa yote aliyonayo mezani! Akishinda anarusha taulo juu. Akiliwa anagombana na simu, na mteja yuko kitini, nusu kichwa nusu msitu. Hata mimi alinifundisha, apate wa kumshangilia.

Baadaye akapoa. Akajifunza kutupa karata. Anatupa, anatupa tena, anasubiri nzuri, mkono mmoja una mashine, kidole cha mwingine kinagusa simu. Nikasema afadhali, mtu kakua. Kumbe na uso nao kautupa. Nikawa namkuta mbele ya kioo anafanya mazoezi: macho hayapepesi, mdomo umefungwa, kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Baba, hao unaocheza nao wako ndani ya simu. Wanakuonea wapi?"

"Mchezaji mzuri haoneshi kitu, mama."

Hata ugomvi akawa anautupa. Nampelekea neno kali, nimelinoa tangu asubuhi, ananijibu "sawa." Jamani, sasa mtu ugombane na nani? Nilimkumbuka mume wangu na mwenyewe amekaa mbele yangu.

Halafu akaja mwalimu, bintiye anaolewa. Akanyolewa vizuri tu. Akatafuta uso kwenye kioo, akakuta ukuta.

"Umeniharibu?"

"Hapana."

"Mbona umekaa hivyo? Rudia!"

Akarudia. Mwalimu akatazama tena, ukuta uleule. Rudia! Harusini alikwenda na kipara kinachong'aa kushinda pete. Umbea hauna breki. Wateja wakahamia kwa kinyozi wa ng'ambo, na mwenye chumba akaanza kupita na watu wanaopima kuta zetu kwa macho. Nikaona kabisa tunafungishwa virago, mashine zake na vitana vyangu, kisa uso.

Siku hiyo mteja pekee alikuwa nani? Seremala. Kamwaga "habari, shemeji" yake, nikaangalia ng'ambo. Nikajificha nyuma ya pazia, nikachukua simu yangu, nikaingia kwenye meza ileile anayochezea mume wangu, kwa jina la Bibi Kipara. Nikapewa mbili na saba. Nikaweka zote. Akatupa. Nikapewa takataka nyingine, nikaweka zote. Akatupa. Nikachungulia: uso mkavu, mashine inanguruma kichwani mwa seremala. Hasira zikanipanda. Nikaandika palepale mezani, pale wachezaji wanapotaniana: "Kinyozi, kiti changu kiko wapi?"

Akasoma. Uso ukabomoka wote, midomo, macho, mashavu.

Seremala akauona kwenye kioo, akaruka kitini, mikono kichwani. "Umenikata! Mungu wangu, umenikata sikio!"

"Hajakukata," nikasema, nikitoka kwenye pazia. "Anasikitikia kiti changu. Kile ambacho mbao zako hazikauki."

"Kiti gani, shemeji?"

Nikamtazama seremala. Nikamtazama mume wangu. Hakuna aliyehitaji kunieleza.

"Nililiwa," mume wangu akasema. "Enzi zile za kuweka zote. Tangu siku hiyo sijaweka zote tena."

"Na uso? Miezi yote hii unanifanyia uso wa mfu kwa ajili ya watu wasiokuona?"

"Hao hawanioni, mama. Wewe ndiye unayeniona."

Kitana kilikuwa mkononi, nikamtupia, kikampata shavuni. Alikuwa analia waziwazi, kamasi na kila kitu, na niseme kweli, nilifurahi kumwona. Nikaichukua simu yake, nikaitia mfukoni mwangu. Nikamgeukia seremala.

"Shemeji, habari za siku nyingi. Niwie radhi."

"Hamna neno," akasema, shuka la kunyolea bado shingoni. "Lakini jamani, na mimi nimetoka nyumbani. Nimependeza?"

Mume wangu akafuta machozi, akamwangalia kwenye kioo. Uso wake, maskini, ukasema kweli yote.

Seremala akashusha pumzi, akakaa vizuri kitini.

"Rudia," akasema.