Radio Iliyofungwa kwa Jina la Léontine

Léontine alikuwa akiuza maziwa mtaani Nyakasanza, mjini Bunia, tangu kabla ya vita. Siku Gauthier, mtangazaji wa radio ya mtaa, aliposema hewani kwamba anayatia sumu ili kuua watoto wa kabila lingine, alidhani amesikia vibaya. Kabla ya mchana vijana walikuwa wamemwaga madumu yake na kuchoma kibanda. Alijificha chumbani kwa Agathe, jirani yake muuza vitenge.

Kesho yake alikwenda kushitaki kwa wakubwa wapya, waasi walioushika mji. Hakimu wao alimsikiliza, akagonga meza.

“Mama, uko na haki. Leo leo tunafunga yule Gauthier na radio yake.”

Léontine alipigwa na bumbuwazi. “Kufunga radio? Hapana, muheshimiwa! Ni radio ile inatuambiaka njia gani iko na masasi. Ninataka Gauthier aseme na sauti ile ile kwamba alinisingizia. Na miye aniachie niseme mu radio.”

“Sheria haina ile. Iko na gereza tu.”

“Basi ninaondoa mashitaka yangu.”

“Haiondoke tena,” alisema hakimu, akitabasamu.

Tabasamu lile lilimtia baridi. Juma lile lile Gauthier alikuwa ameuliza hewani ni nani anayechukua dhahabu ya machimbo ya Nizi. Wakubwa walikuwa wanatafuta kisingizio tu, na yeye alikuwa amewapelekea kwa miguu yake mwenyewe.

Jioni radio ilinyamaza. Asubuhi Agathe, bila radio ya kumwonya kwamba njia ya Nizi ina masasi, aliishika na vitenge vyake. Walimrudisha juu ya mlango uliong’olewa, uso umefunikwa kitenge kimojawapo.

Léontine alitazama miguu ya rafiki yake. Matangani hakuna aliyetaja sumu. “Ni huyu alifunga radio,” mwanamke mmoja alisema, bila hata kushusha sauti.

Baada ya mazishi alikwenda gerezani. Gauthier alisogea kwenye nondo, jicho moja limevimba.

“Mama, waliniambia tu, nami nikasema. Sikukuuliza.”

“Niulize sasa.”

Kijana alimeza mate. Kisha akauliza kwa sauti yake ya radio, na wafungwa wakasogea kusikiliza: “Mama Léontine, uliweka sumu mu maziwa?”

“Hapana,” alijibu. Alitaka kuendelea, aseme na habari ya Agathe, lakini mlinzi alikuwa tayari anamsukuma nje.