Kikojozi wa Nyumba ya Sakuma

Mara ya kwanza Mzee Tokujiro Sakuma kumsingizia mbwa, wala hakupanga. Alikuwa amesinzia mchana kwenye meza ya kuotea moto, miguu imefunikwa lile shuka zito linaloning'inia mezani, na Kinako, mbwa mchanga wa nyumba, kajikunja kando ya goti lake. Alipozinduka alihisi joto, kisha ubaridi, kisha akajua. Alijivuta pembeni na kujifunika vizuri, na wakati huohuo mkwewe Tomoe akaingia na kikapu cha soko, akaiona mikeka ya tatami imelowa.

"Jamani! Nani tena huyu?"

"Mbwa," akajibu mzee.

Neno moja tu. Tomoe akamnyanyua Kinako kwa ngozi ya shingo, akamsogeza pua pale palipolowa. "Hapana! Hapa si chooni! Umesikia?" Kinako hakuelewa kitu. Alimtazama mzee tu, masikio yamelala, na mzee akageukia televisheni ambayo ilikuwa imezimwa.

Tangu hapo uongo ukawa unajisemea wenyewe. Mkeka ukilowa, mbwa. Mto wa kukalia ukinuka, mbwa. Mzee hakuwa na haja hata ya kufungua mdomo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Maana Kinako alikuwa mwanafunzi mzuri. Wakana, mjukuu wake, alikuwa amemtandikia karatasi zake karibu na bafu, na kila alipojisaidia hapo alimpa kipande cha kiazi kitamu na kumsifu kama mtu aliyefaulu mtihani. Ila mbwa hufuata harufu. Akinusa mkojo kwenye tatami, anaona basi, kumbe hata hapa panaruhusiwa, naye anaongeza wake. Mzee alitangulia, mbwa akafuata. Baada ya wiki chache hakuna aliyeweza kutenganisha kosa la huyu na la yule, isipokuwa mzee mwenyewe.

Mwanawe Yasunori alikuwa ameweka sharti tangu mwanzo: mpaka siku ya usafi mkubwa wa mwisho wa mwaka, mbwa awe ameshajua choo chake. Jamaa watakuja mwaka mpya, watakaa kwenye mikeka hiyohiyo. Akishindwa, anarudi alikotoka. Siku ilipokaribia, alilitoa tena mezani, bakuli la supu mkononi.

"Jumapili asubuhi nampeleka. Nimeshaongea na aliyetupa."

"Baba, mwongezee muda kidogo tu!" Wakana alisema, machozi yanamlengalenga. "Kwenye karatasi hakosei. Ni huku tu ndiko anakokosea."

"Huku ndiko tunakoishi sisi."

"Basi mfundishe wewe."

"Mimi?" Yasunori akacheka. "Mimi najua njia moja tu, ya babu yako. Muulize alinifanyaje nilipokuwa kikojozi."

Mzee akainamia bakuli lake.

"Ulikuwa unakojoa kitandani?" Wakana akasahau kulia.

"Nilikuwa na miaka sita. Babu yako akanibebesha godoro mwenyewe, nikalianika pale mbele, kwenye ukingo wa baraza. Doa liangalie barabarani. Wenzangu wanapita kwenda shule, wananizomea, kikojozi, kikojozi, mpaka kwenye kona. Na nilipojaribu kuligeuza, akatoka kuligeuza tena."

"Mtoto wa miaka sita?" Tomoe akauliza taratibu.

"Niliacha, lakini. Si niliacha, Baba?"

Alisema kwa utani, ila macho hayakuwamo kwenye utani huo. Mzee Tokujiro alijikaza kisabuni, akatikisa kichwa kukubali, akasema supu ya leo tamu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Angeweza kusema palepale. Maneno yalifika kooni, akayateremsha kwa supu.

Jumamosi jioni Kinako alifungiwa kwenye kizimba jikoni, ili asiharibu kitu usiku wake wa mwisho. Na Jumapili, mzee alipoamka chumbani kwake, godoro lake la sakafuni lilikuwa limelowa katikati.

Alikaa akalitazama. Mlango ulikuwa umefungwa na mbwa alikuwa kizimbani, kwa hiyo safari hii hakuwa na wa kumsukumia. Lakini kabati lilikuwepo. Angelikunja godoro, akalisukumia ndani, na mbwa angeondoka na kesi yake yote. Wangesema nyumba imepona. Na kesho je? Kesho angemsingizia nani, Tomoe?

Kutoka jikoni akamsikia Wakana akisema na mbwa kwa sauti ya chini. "Usiogope, sawa? Huko mna uwanja. Ukikosea huko hawatakupiga. Mimi najua wewe si mbaya."

Mzee akasimama. Akalibeba godoro kifuani, zito na baridi, akatoka nalo hadi barazani, akalitupa juu ya ukingo. Kisha akalinyoosha vizuri, doa likiangalia barabarani.

Ng'ambo ya barabara, jirani yao Bi Hatsue alikuwa anafagia mbele ya mlango wake. Mwanamke huyo hapitwi na jambo.

"Habari ya asubuhi, Mzee Sakuma! Ala! Kale kambwa kenu leo kamekufuata mpaka kitandani?"

Basi, uongo huo hapo, ameletewa tayari, hata kuubuni hakuhitaji. Kuitikia tu kungetosha.

"Siyo mbwa," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Siyo mbwa, Bi Hatsue. Ni mimi. Na kule ndani pia, kwa sehemu kubwa, ni mimi."

Bi Hatsue akabaki na ufagio mkononi. Nyuma ya mzee kizimba kiliwekwa chini, na Kinako akalia ndani yake. Yasunori alikuwa mlangoni, koti mwilini, funguo za gari mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Mzee hakugeuka. Alishika ukingo, akasubiri. Alijua anachostahili, maana yeye ndiye aliyekianzisha. Akasikia hatua za mwanawe zikija, akaona mikono yake ikishika ncha za godoro, akadhani analinyoosha zaidi.

Yasunori akaligeuza. Doa likaangalia nyumba, upande safi ukaangalia barabara.

"Lianike hivi, Baba," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Upande huu wa ndani ndio unaopigwa na jua."

Jua lilikuwa limejaa barabarani, na upande wa ndani ulikuwa kivuli kitupu. Wote watatu walikuwa wanaona. Bi Hatsue akarudi kufagia pale alipokwisha kufagia.

Mzee Tokujiro alikuwa amejiandaa kuzomewa. Kwa hili hakuwa amejiandaa, akalia.

"Nisamehe, mwanangu."

Yasunori akainama, akafungua kizimba.

"Anza kumwomba radhi huyu," akasema. "Mimi nitafuata."