Kiswahili cha Bi Hilda

Honi ilitangulia. Ililia kama fahali aliyevimbiwa, ikanyamaza, ikalia tena, na sisi madereva wa tuktuk pale gatini Malindi tukawa tunaikodolea macho mvua tu. Ilipokatika ndipo tukaiona meli: jumba jeupe la ghorofa tisa, limejaa watu waliokuja kuikumbuka Afrika kwa saa tano.

Mgeni wangu alikuwa Bi Hilda, mzungu wa miaka sabini na kitu, aliyezaliwa hapahapa enzi za wakoloni. Mwezi mmoja nyuma alikuwa ameiandikia kampuni ya watalii akimtafuta yaya aliyemlea. Akapatikana kule Ganda: Mbeyu, nyanya yangu, ambaye sisi Wagiriama twamwita Hawe. Tangu siku hiyo Hawe alikuwa na neno moja.

"Mtoto wangu akifika ataniamkia. Nami nitaitika marahaba mbele ya majirani wote wasemao nililea wa wenzangu nikawaacha wangu."

Njenga, kiongozi wa watalii, aliingia nyuma pamoja na mgeni. "Randu, huyu mama anaongea Kiswahili safi," akaniambia. "Wacha kumchosha na hayo mashairi unayowatungia abiria."

Kiswahili safi! Bi Hilda aliketi, akafuta machozi ya furaha, akanielekezea kidole.

"Funga mlango!"

Tuktuk yangu haina mlango.

"Lete maji! Upesi!"

Njenga akapiga makofi. Kabla hatujaumaliza mji nilikuwa nimeelewa: bibi huyu hakuwa na sentensi hata moja isiyo amri. Hana pole, hana tafadhali, hana habari za asubuhi. Alilia kwa kuikosa Afrika, na Kiswahili chake chote kingetosha kuendesha jela.

"Bi Hilda," nikamwambia, "ukifika, sema shikamoo."

"Shikamoo," akasema, vizuri kabisa. Nikamkaririsha mara kumi njiani. Kasuku asingemshinda.

Hawe alikuwa barazani na leso mpya, majirani wamejaa uani. Tangu mwaka juzi hajasimama bila mkongojo. Bi Hilda akashuka, akamwona, akaangua kilio, akafungua mikono yote miwili.

"Meri! Kuja hapa! Lete chai!"

Na Hawe akasimama. Bila mkongojo. Miguu ilitii kabla kichwa hakijaulizwa.

"Ona mapenzi!" Njenga akashangilia. Uani mtu akacheka puani.

Hawe akajitazama alivyosimama. Akakaa tena, polepole.

"Naitwa nani?"

"Meri!"

"Meri alinibandika mamako, Mbeyu lilimshinda." Kisha akaibadilisha sauti, akamwiga. "Kuja hapa."

Bi Hilda akaja.

"Lete chai. Upesi."

Siku nzima hakuelewa jambo haraka namna ile. Alikimbilia jikoni, akatoka na kikombe kinamwagika, anacheka na kulia, akidhani ni mchezo. Hawe hakukipokea. Akamwacha amesimama nacho mpaka kicheko kikamwishia. Nikamtazama Bi Hilda midomo. Ilifunguka, ikafungika. Shikamoo haikutoka.

"Mama, meli haingoji," Njenga akasema.

Niliwarudisha gatini. Niliporejea Ganda majirani walikuwa wametawanyika, na Hawe amekaa palepale, hajala.

"Hawe, ubeti wa kwanza ninao tayari. Nitamchana huyo!"

"Usimtukane."

"Baada ya yale? Mbele za watu?"

"Nilimbeba mgongoni miaka mitano, Randu. Alikuwa halali mpaka anishike sikio." Akaligusa, lile la kushoto. "Niahidi."

Nikatafuta pa kuitema hasira, nisipaone. Mwisho nikachuchumaa mbele yake.

"Nakuahidi, Hawe, sitamtukana. Nitaandika maneno yake tu, vilevile alivyoyasema."