Kona ya Baba

Alama ya kiganja ilikuwa bado ipo kwenye kona ya paa, vidole vitano vilivyotanuka ndani ya lami iliyokauka zamani. Fundi aliijua kabla hajainama. Marehemu baba yake hakuwa na subira ya mwiko; lami aliipaka kwa mikono, kisha akajisugua kwa mafuta ya taa huku mkewe amemnunia.

Sehemu nyingine zote za paa zilikuwa tayari. Zege lilikwanguliwa likabaki tupu, likafagiliwa, likaachwa likauke. Utando wa kuzuia maji, uliokunjwa kama mkeka, ulisubiri kutandazwa na kuchomwa kwa moto wa gesi mpaka ushikane nalo. Ilibaki kona hiyo tu, yenye viraka vya baba, kimoja juu ya kingine. Fundi huwafokea vibarua wake wakiacha hata kipande cha lami kuukuu, maana utando ukilalia kitu kilicholegea, nao utalegea. Leo alikuwa akikigonga kiraka kwa kifundo cha kidole na kujiambia kwamba hiki kimeshika vizuri. Alijidanganya, na alijua.

Mama yake alipanda ngazi polepole, akikohoa, kumletea chai. Daktari alikuwa amekata maneno: ama chumba chake, kilicho chini ya kona hiyo, kikauke, ama mama akaishi kwa mwanawe wa kiume, jambo ambalo mama hakutaka hata kulisikia. Akaiona kona, akamtazama binti yake, akaelewa bila kuambiwa. Akamuuliza kama kwa mteja angeacha hivyo. Fundi akajibu kwamba wateja hawana baba yake juu ya paa.

Mama akaweka kikombe chini.

"Kila mvua ikikaribia, alipanda hapa," alisema. "Na kila ikinyesha, mimi nilihamisha kitanda. Nilimpenda baba yako, mwanangu, lakini nililowa. Bandua."

Fundi akabandua. Kiraka cha juu, kile chenye kiganja, kilitoka kizima bila ubishi. Kumbe kilikuwa kimeshikilia vumbi tu. Chini kabisa, zege lilikuwa jeusi kwa maji ya miaka. Lisingepokea utando siku hiyo, wala kesho yake. Hapo moyo ukamshinda. Akalia kama mtoto, kichwa amekiinamisha juu ya kona.

Mama akamshika bega, akamvuta pembeni taratibu.

"Lilia huku," akasema. "Hapo tunakausha."