Kikao cha Mtaroni

Tangu maji ya theluji yalipobeba kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara ya kwa Janelle Wiebe, basi la shule lilikuwa linageuzia njia panda, maili tatu kutoka kwake. Bintiye Tilly alitakiwa kuanza shule baada ya mavuno ya ngano, na gari la nyumbani huondoka na babake alfajiri. Bila kalvati, mtoto hasomi. Bodi ya kaunti iliahirisha jambo hilo kila kikao: wajumbe hawajajionea.

Na kujionea pamoja hawakuweza. Walikuwa watatu tu, na sheria ilisema wawili wakizungumza kazi ya kaunti popote, hicho ni kikao, na kikao hutangazwa kwanza. Ndiyo maana mwenyekiti Verlyn Kucera na mwanyumba wake Orrin Tesch, waliooa dada wawili, hawakuwa wamenywa kahawa meza moja tangu uchaguzi. Hata Krismasi walikula kwa zamu.

Siku moja Verlyn alikuja kujionea. Akajionea mpaka pikapu ikazama mtaroni, pua chini. Janelle alikuwa anawasha trekta amvute, mtoto mchanga kifuani, Orrin naye akatokea kujionea. Akasimama ukingoni, macho mawinguni.

"Mama Tilly, mwambie huyo bwana pole."

"Si huyo hapo? Mwambie mwenyewe."

"Nikitaja mtaro, nimeshagusa ajenda."

"Mwambie huyo mwanyumba," Verlyn alisema dirishani, "viatu vyangu vinakunywa maji."

Janelle akazima trekta taratibu.

"Wazee wangu, hakuna kikao cha dharura, kile kisichotangazwa?"

"Kipo," alisema Verlyn. "Ila iwe dharura ya kaunti. Si yangu."

"Pikapu ni ya nani?"

Verlyn alitoa kichwa, akaitazama nembo ya kaunti mlangoni.

"Kikao kimefunguliwa," alisema.

Janelle aliandika kumbukumbu kwenye boksi la nepi. Ikafika zamu ya wananchi kusema, dakika tatu kila mmoja. Tilly alisogea na mabuti yake.

"Nataka basi."

"Una dakika nyingi bado, mheshimiwa," alisema Orrin.

Tilly akafikiri. "La njano."

Orrin akatoa hoja: kalvati jipya kabla ya mavuno. Verlyn akaunga mkono, akanyoosha mkono dirishani. Wawili kwa sifuri. Janelle aliiandika hoja hiyo, akaisoma mara mbili, kisha akaenda kuwasha trekta.

"Natoa hoja tufunge," alisema Verlyn.

Orrin hakuunga mkono. Aliketi ukingoni, miguu ikining'inia.

"Una haraka gani? Kikao kikifungwa, hatuongei tena mpaka mwezi ujao. Enhe, mgongo wako unaendeleaje?"

"Unauma. Sasa unauma na maji."

Janelle akaizima trekta tena, akaingia ndani kuchemsha kahawa. Alipotoka na vikombe, Tilly alikuwa ameshakaa kando ya barabara, mkoba mgongoni, anaangalia upande wa njia panda. Mavuno yalikuwa mbali bado. Janelle hakumwambia.