Nilivyomkana Shangazi Mtoni

Mwaka ule nilikuwa naongoza wageni wa kuvua katika kambi moja ndani ya hifadhi huko kaskazini ya mbali, pale mto unapotoka ziwani chini ya milima ya volkano. Wageni walinipenda. Walidhani nimetoka mjini, nami sikuwasahihisha, ingawa kijiji chetu kiko pwani, nusu saa tu kwa ndege.

Septemba, samaki wakishageuka wekundu na kutaga, watu wetu huruhusiwa kuja na nyavu, maana babu zetu waliishi hapo mpaka mlima ulipolipuka ukawafukuza. Hilo nililijua. Nilichosahau ni kwamba shangazi yangu Paraskovia, aliyenilea tangu mama alipofariki, hakuwahi kukosa mwaka hata mmoja.

Tulimkuta ukingoni, amevaa koti la mvua la marehemu mumewe, limejaa viraka, mikono imejaa magamba. Ng'ambo alikuwapo dubu mkubwa akivua kivyake. Shangazi akasimama, akamsemesha kwa lugha yetu kama mtu anayezungumza na jirani: "Mzee, hatukuja kugombana. Chukua wako, utuachie wetu." Dubu akamtazama, kisha akashuka na mto.

Mgeni wangu mmoja, Whitcomb, akauliza bibi kichaa yule anasema nini, na mbona ananuka hivyo. Wenzake wakacheka. Nami nikacheka.

"Unamfahamu?" akaniuliza.

"Simfahamu. Huja tu hapa kila mwaka."

Tulikuwa hatua kumi kutoka kwake, na Kiingereza anakijua vizuri. Nikangoja aniite jina langu, Zakar, mbele yao wote. Badala yake alichagua samaki wawili, akawapasua, akawaosha. Mmoja akampa Whitcomb. Wa pili akaniletea mimi.

"Karibu kwetu, bwana mgeni," akaniambia. "Mchome leo leo, asilale."

Nikampokea samaki kwa mikono miwili, macho yangu kwenye buti zake. Whitcomb akasema bibi ni mkarimu kweli.

Msimu ulipofungwa nilikwenda kijijini. Shangazi alinikaribisha mezani, akanimiminia chai katika kikombe chenye ukingo wa dhahabu, kile ambacho nyumbani kwetu hunywea padri peke yake. Nilikunywa bila kusikia ladha. Mwishowe nikasema nimekuja kuomba radhi.

"Kwa lipi?"

"Nilikukana, shangazi."

"Nilisikia." Akaongeza maji kwenye birika. "Nikaona una kazi yako, una watu wako. Nikasema nisikuharibie."

Laiti angenigombeza. Ugomvi wake naujua tangu utotoni. Hunyesha kama mvua, kisha jua hutoka. Upole huu sikujua niuweke wapi. Alisema amenisamehe, kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mwenye duka kwamba unga umetosha. Kisha akanituma nikapange kuni, nikashukuru kupata cha kufanya.

Mwaka uliofuata sikurudi kambini. Nilikwenda mtoni na shangazi, mimi nikibeba wavu, yeye akinikosoa namna ninavyoubeba. Wageni walikuja wakasimama ukingoni. Nilikuwa nimeshaandaa maneno: huyu ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea. Nikawa nawatazama mmoja mmoja usoni, nikingoja wa kuniuliza.

Walipiga picha za dubu, wakapanda ndege yao.