Maziwa ya Bondeni

Kituo cha maziwa cha kijiji chetu kipo njia panda ya kuelekea Kawetele. Kina bati la bluu na kufuli jipya. Mawe ya msingi wake tuliyabeba sisi wanawake kichwani. Nasema tuliyabeba, siyo tulisaidia kubeba. Tulikuwa thelathini na wanne: kumi na sita wa kitongoji cha Juu, kumi na wanane wa Bondeni. Mawe yalitoka mtoni, kwa hiyo sisi wa Juu tulikuwa tunateremka na kupanda, tunateremka na kupanda, mvua juu yetu, ngata zimelowa mpaka maji yanaingia masikioni. Aliyekuwa akinitwisha kule mtoni ni Ikupa wa Bondeni. Alikuwa anachagua jiwe bapa, analipangusa tope kwa kitenge chake, ndipo ananitwisha. "Lisikuchubue," anasema.

Ikupa ni mjane, rika langu. Miaka ile mradi wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe ulipoingia, yeye alipata wa kwanza, na kwa sheria ya mradi mtamba wa kwanza alitakiwa ampe mwingine. Alinipa mimi. Alimleta mwenyewe, amemfunga kamba ya mgomba, akanionyesha anapenda kukunwa wapi. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomlea kitindamimba wangu Anyitike, ndiyo yaliyomsomesha cheti cha mifugo, na aliporudi na cheti chake akapewa kazi ya kupima maziwa kituoni. Kila asubuhi anatumbukiza kile kipimo cha kioo kwenye ndoo ya mtu, anainama kusoma mstari, halafu anasema, "Mazuri, mama," au anasema, "Haya yametiwa maji." Yaliyotiwa maji yanamwagwa hapo hapo kwenye mfereji, mbele ya foleni nzima. Hiyo ndiyo kanuni tuliyojiwekea, mwizi aone aibu.

Ikupa alimwagiwa mara moja. Kipimo kilishuka, Anyitike akamwaga, watu wakaguna. Baada ya wiki ikagundulika kwamba ng'ombe wake alikuwa na ugonjwa wa kiwele unaopunguza uzito wa maziwa, hakuna tone la maji alilotia. Anyitike alikwenda kumwomba radhi jioni, jikoni kwake, wakiwa wawili tu. Ikupa akamwambia yamekwisha. Mimi niliridhika. Sikufikiria hata kidogo kwamba mtu aliyeaibishwa kwenye foleni anatakiwa kuombwa radhi kwenye foleni.

Sasa, kiwanja cha kituo kile tulipewa na kijiji kwa mdomo. Hatukuwa na karatasi. Akaja Jackson, mfanyabiashara wa Kiwira mwenye gari la kupeleka maziwa Mbeya, akaoa Bondeni, akajenga, na uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji ulipokaribia akachukua fomu. Alisema wazi kwamba akishinda, jengo atalikodi yeye, aweke tangi lake na wapimaji wake. Anyitike akachukua fomu kumzuia. "Mama," aliniambia, "nikishinda, siku ya kwanza naitisha mkutano mkuu, kiwanja kinaandikwa jina la kikundi chenu cha wanawake. Basi. Baada ya hapo hata nikiondoka, mawe yenu yatabaki yenu." Nililia kidogo. Nilikuwa nasonga ugali, nikasingizia moshi.

Mkutano wake mkubwa ulikuwa hapo hapo mbele ya kituo. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Ikupa alipanda kutoka Bondeni na magimbi ya kuchemsha kwenye kikapu, tukala tumesimama, bega kwa bega. Kijana mmoja akauliza kwa sauti, "Anyitike, mbona inasemekana Bondeni wote ni wa shemeji yao Jackson?"

Mwanangu alikuwa na kipaza sauti. Mtu akishika kile kitu huwa anajisikia mrefu.

"Bondeni?" akasema. "Mimi kazi yangu ni kupima. Bondeni ni maziwa yaliyotiwa maji. Ndoo imejaa, ukipima hamna kitu! Na maziwa ya namna hiyo tunayafanyaje?"

"Tunamwaga!" vijana wakaitikia.

"Tunayafanyaje?"

"Tunamwagaaa!"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Niliona mwanangu anasema vizuri, watu wanamwitikia, nikacheka mpaka nikashika mkono wa mtu aliye karibu nami. Mkono huo ulikuwa wa Ikupa. Aliuacha kwanza. Kisha akautoa taratibu, kama mama anavyotoa mkono chini ya kichwa cha mtoto aliyelala, akachukua kikapu chake, akateremka. Magimbi yangu mawili yalikuwa bado kwenye kiganja changu.

Jioni hiyo mkamwana wangu Winfrida akaja na simu. "Mama, wamemrekodi. Imeingia kwenye kundi la kijiji, sasa hivi imefika mpaka Tukuyu." Tukasikiliza. Aliyeirekodi alikuwa amekata swali la yule kijana na maneno mengine yote. Lilibaki hili tu: *Bondeni ni maziwa yaliyotiwa maji, tunamwaga, tunamwaga.* Kesho yake gari la Jackson likawa linapita Bondeni kutwa nzima na spika juu, likipiga sauti ya mwanangu. Jackson hakuongeza neno lake hata moja. Angeongeza nini?

Nikamwambia Anyitike, "Teremka Bondeni, baba. Simama pale kisimani wanapochotea wote, useme umekosa."

"Mama, ule ulikuwa utani. Wanyakyusa hatutaniani?"

"Unatania na anayeweza kukurudishia. Wewe ndiye unayeshika kipimo."

"Nikiomba radhi nitaonekana dhaifu. Na wale ni wa Jackson hata hivyo." Akafikiri kidogo. "Basi chukua mkungu wa ndizi, mpelekee bibi Ikupa. Mwambie nimekutuma. Yeye atawaambia wenzake."

Winfrida akamtazama mumewe. "Mkungu wa ndizi, baba Lightness? Ungekwenda mwenyewe na mikono mitupu ingekuwa nafuu."

"Wewe nyamaza, siasa huijui."

Nilikwenda mimi. Nilichagua mkungu mzuri, vichana tisa, nikajitwisha. Pale kwenye gogo la kuvukia mto, ambapo siku zote Ikupa alikuwa ananisubiri tukitoka kituoni, nikienda kukata majani ng'ambo, ili anishike mkono kwa sababu goti langu moja ni bovu, nilivuka peke yangu nimekaa kitako, nikijisogeza kama mtoto, mkungu mapajani.

"Ugonile," nikamsalimu.

"Ugonile." Alikuwa anamkatakatia ng'ombe majani ya gwatemala, hakuacha.

"Anyitike amenituma. Anasema alitania."

"Zile ndizi zake?"

"Zake."

"Weka hapo kwa nguruwe. Nisamehe, mama Anyitike, sikutukani. Nguruwe ana njaa na sisi tumeshakula."

Niliweka chini. Nikamwambia anajua mwenyewe jengo lile ni la nani, anajua Jackson atalifanya nini. Akaweka panga kando, akanifuta udongo begani, na kufutwa kule kuliniuma kuliko kama angenipiga.

"Sikiliza. Wanaume wa Bondeni ni wa Jackson, anawanywesha. Lakini sisi kumi na wanane wa mawe tulishakaa hapa hapa jikoni. Tulikubaliana ni Anyitike. Hatukusema kwa sauti, waume zetu wasisikie. Mwanao angenyamaza tu. Kura zetu alikuwa nazo mfukoni, akazimwaga yeye."

"Basi mpeni, Ikupa! Kwa ajili ya mawe!"

"Alinimwagia nikiwa sina kosa. Nikasema ni kijana, amekosea kusoma. Sasa amesema mwenyewe mbele ya watu kwamba anatupima kwa kitongoji. Sasa nitajuaje siku ile alisoma kipimo au alisoma ninakotoka?"

"Unajua siyo hivyo. Alikuja kukuomba radhi."

"Jikoni," akasema. "Alimwaga barabarani, akaomba radhi jikoni. Leo tena ametuma mama yake jikoni." Akachukua panga lake. "Na wewe ulicheka, Alinanuswe. Umenishika mkono, unacheka."

 Ndizi nikaziacha.

Asubuhi ya siku ya mwisho kabla ya uchaguzi foleni ilikuwa ndefu kituoni. Nilikuwa wa sita. Ikupa akafika na ndoo yake ndogo ya bati, ile yenye mfuniko uliofungwa kwa uzi, akasimama nyuma kama kawaida, akangoja zamu yake. Alipofika mbele Anyitike akamchangamkia, "Bibi Ikupa! Ugonile!" Akatumbukiza kipimo, akainama, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko siku nyingine.

"Mazuri," akasema. "Mazuri sana, bibi. Hakuna mazuri kama haya leo."

"Sema kwa sauti, wasikie."

"Mazuri!"

"Ya wapi?"

Mwanangu akakipangusa kipimo. Angeweza kujibu. Lilikuwa neno moja, na watu wote walikuwa pale, na baada ya neno hilo angeweza kuongeza jingine, nisameheni. Nilikuwa namwombea kimoyomoyo, sema, baba, sema. Yeye akanyoosha mkono apokee ndoo, akisema, "Tusicheleweshe foleni, bibi."

Ikupa akaivuta ndoo yake, akaenda kwenye mfereji, akamwaga. Hakumwaga kwa hasira. Alimwaga polepole mpaka tone la mwisho, akaikung'uta ndoo, akafunga uzi wa mfuniko, akaondoka. Maziwa yalishuka na mfereji, meupe, yakapita mbele ya miguu yetu sote, na mbwa wa njia panda wakaja kulamba. Hakuna aliyeguna. Wanawake wa Bondeni waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakatazamana, wakabeba ndoo zao, wakarudi nazo nyumbani zikiwa zimejaa.

Kura zilihesabiwa darasani. Jackson alipata mia nne na kumi na mbili. Anyitike alipata mia nne na moja. Winfrida alianza kulia kabla msimamizi hajamaliza kusoma. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole ndani ya kitenge: kumi na moja alizopungukiwa, kumi na wanane waliobeba mawe. Nilizihesabu tena njiani, na nyumbani nikazihesabu tena, kana kwamba zingebadilika.

Tumeingia mwaka wa pili sasa. Jackson aliitisha mkutano mkuu kweli, na kiwanja kikaandikwa: ni cha kijiji, na kijiji kimemkodisha yeye. Nembo ya kikundi chetu aliifunika kwa rangi. Kipimo cha kioo wapimaji wake wanacho lakini kazi yake ni nyingine: tangi likijaa, maziwa yote yanayofuata wanasema yametiwa maji. Ya Juu, ya Bondeni, Jackson hachagui. Kwa hilo yeye ni mwenye haki kuliko mwanangu.

Anyitike siku hizi anachanja kuku wa watu. Kila akikaa kula anasema yale yale, "Watu wa Bondeni hawana shukrani. Wamejimaliza wenyewe." Winfrida anainuka, anatoka nje. Mimi namwekea ndizi za mbalaga sahanini. Mwanzoni nilikuwa namjibu, lakini nikikumbuka kicheko changu nanyamaza.

Juzi tulikataliwa wote wawili, mimi na Ikupa, foleni moja. Tangi limejaa, kijana wa Jackson hata kipimo hakutumbukiza. "Haya maji, mabibi, nendeni." Tukajitwisha ndoo zetu, tukashika njia ile ile, kwa sababu nilikuwa nateremka kukata majani ya ng'ombe huko ng'ambo. Ikupa alikuwa mbele yangu kama hatua kumi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, gogo lilikuwa na utelezi. Nilimwona anavuka, ndoo imetulia kichwani. Nikajua akifika ng'ambo atasikia miguu yangu, atageuka.

Alifika ng'ambo. Alisikia, kwa sababu alisimama kidogo. Kisha akapandisha njia ya kwake.

Niliteremsha ndoo yangu. Goti lile halikukubali kuvuka kwa miguu, na ndoo iliyojaa haipakatiki. Maziwa yalikuwa mazuri, yana povu bado, ya kitukuu cha ng'ombe wake. Niliyamwaga mtoni, pale tulipokuwa tunachukulia mawe, nikakaa kitako juu ya gogo, nikaanza kujisogeza.